Aliyesema Wapande

Wasikilizaji wapendwa, assalaam alaykum, popote mlipo, majumbani, makazini na mashambani. Anayezungumza nanyi ni Thuwaiba Ayoub. Mlio mnaousikia nyuma ya sauti yangu ni wa karafuu. Zimeanikwa juani, na mtu anazigeuza kwa reki ya mbao. Niliurekodi mlio huo juzi, katika shamba la Mchungwani, hapa kisiwani Unguja.

Leo tunamkumbuka mtu aliyekuwa meneja wa shamba hilo. Jina lake ni Ridhwan Kheir Simai. Amefariki akiwa na umri wa miaka sitini na mbili. Leo ni siku ya kumi na moja tangu tumzike.

Nitasema ukweli. Nilipokwenda Mchungwani nilidhani nakwenda kukusanya sifa. Ndiyo desturi ya kipindi hiki. Mtu akitutoka, tunazunguka kwa jamaa zake, tunaokota mazuri yake, tunawaletea. Lakini mjane wake, Bi Salhiya, alinisimamisha kabla sijawasha mashine ya kurekodia. Yumo ndani ya eda, amekaa juu ya mkeka, sauti yake ya chini lakini haitetereki. Aliniambia hivi:

"Mwanangu, kama utasimulia, simulia na Bakar. Ukimwacha Bakar, huyo utakayemsimulia si mume wangu."

Basi nitasimulia na Bakar.

Ridhwan Kheir alizaliwa Jambiani, mwaka 1962. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka minne. Mama yake, Bi Amne, alimlea kwa kusokota kamba za makumbi, na baadaye, mwani ulipoingia Jambiani, mwanawe ameshakua, akalima mwani. Ardhi ya kule, wanaoijua wanaijua. Jiwe, mchanga, jiwe tena. Mkarafuu haumei. Ridhwan aliijua karafuu ndani ya pilau tu, na hata hiyo hakuipenda. Mkewe anasema maisha yake yote alikuwa akizitoa moja moja kwa kidole na kuzipanga ukingoni mwa sahani. Meneja wa karafuu, hali karafuu.

Alipomaliza skuli alikwenda Kizimbani kusomea kilimo. Huko ndiko alikougusa mkarafuu kwa mara ya kwanza. Aliporudi likizo alimweleza mama yake jinsi mti ule ulivyo mrefu, na jinsi watu wanavyopanda hadi juu kwenda kuchuma kitu kisichozidi ukubwa wa msumari. Bi Amne akacheka. Akasema, "Mti mkubwa hivyo, na mnachofuata ni kidogo hivyo? Hao wenye mashamba wana subira."

Mwaka 1996, Ridhwan akiwa na miaka thelathini na nne, akawa meneja wa Mchungwani. Nilirudie hilo. Mwaka 1996 alipewa umeneja, na aliyempa ni mwenye shamba, Bi Khairiya, mkaazi wa Mkunazini, Mji Mkongwe. Shamba aliachiwa na marehemu mumewe. Bi Khairiya hakuwahi kuishi shamba hata siku moja. Alitaka mtu wa kumwamini, akampata.

Kufika Mchungwani ukitoka mjini, unapita Kizimbani, unaendelea kidogo, kisha unaingia njia ya udongo mwekundu. Mikarafuu ni mia sita na kumi na miwili. Ridhwan aliijua yote. Aliujua upi unazaa kila mwaka na upi unapumzika. Aliujua upi una tawi bovu. Nyumba ya meneja ilikuwa ndani ya shamba, na humo ndimo alimoishi na Bi Salhiya, na humo ndimo walimozaliwa watoto wao watatu.

Alikuwa meneja wa namna gani? Niliuliza wengi, na majibu yalifanana. Msema kidogo. Mkali wa wakati. Hakuwa mtu wa matusi. Alivaa mabuti ya mpira kila siku, na siku ya harusi ya bintiye alikuja na viatu vizuri lakini udongo mwekundu ulikuwa bado uko kwenye kucha. Wachumaji walimheshimu. Wengine walimwogopa kidogo. Akisema jambo, halirudiwi.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tumefika mwaka 2005.

Mwezi ulikuwa wa Agosti. Karafuu zilizaa sana mwaka ule. Halafu mvua ikapiga siku tatu mfululizo, mvua isiyo na msimu. Watu wakakaa ndani. Na karafuu, kwa wasioijua, ina tabia yake. Ikishaanza kuingia wekundu inataka kuchumwa. Ukiichelewesha, inachanua. Ikichanua imekuwa ua, na ua la mkarafuu halina mnunuzi. Mavuno ya mwaka mzima yanaweza kupotea ndani ya siku chache.

Siku ya nne, Alkhamisi, asubuhi, jua lilitoka. Bi Khairiya alikuwa ameshapiga simu jana yake. Maneno yake yalikuwa machache: "Ridhwan, nataka nisikie zimechumwa."

Wachumaji walikusanyika. Kati yao alikuwapo kijana wa miaka ishirini na tisa, jina lake Bakar. Bakar alikuwa mpandaji hodari kuliko wote. Alikuwa na mke, Riyama, na mtoto wa kike wa miezi tisa. Huyu ndiye Bakar aliyetajwa na Bi Salhiya. Bakar yu hai. Nilikaa naye kwa saa mbili. Msikilizeni mwenyewe.

"Mie nliushika mti kwa mkono. Ulikuwa wa baridi, una utelezi. Nkamwambia, Meneja, tungoje jua lipande kidogo, mti umelowa huu. Akaangalia saa yake. Akaangalia juu. Akasema, pandeni. Basi. Hakunifokea, hakunitukana. Pandeni."

Nikamuuliza, "Kwa nini hukukataa?"

"Wee bibi, ushawahi kufanya kazi chini ya mtu? Meneja akisema pandeni, unapanda."

Bakar alipanda. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Alikuwa amefika futi thelathini kutoka chini pale mguu wake ulipoteleza kwenye tawi. Alianguka kwa mgongo.

Wa kwanza kumfikia alikuwa Ridhwan. Waling'oa mlango wa ghala, wakamlaza juu yake, wakampandisha kwenye gari ya shamba. Ridhwan alikaa nyuma pamoja naye, ameushika mlango ule kwa mikono miwili usiteleze, mpaka hospitali.

Bakar alilazwa miezi minne. Alitoka akiwa hai. Miguu yake haikurudi. Nilirudie hilo pia, kwa sababu kila kilichofuata kinatokana nalo. Bakar alianguka, Bakar alipona, Bakar hakutembea tena.

Baada ya wiki mbili ilikuja habari kwamba kuna afisa wa serikali atakayekuja shamba kuandika maelezo. Atauliza nani alitoa amri. Bi Khairiya akamwita Ridhwan nyumbani kwake Mkunazini.

Nilikwenda Mkunazini wiki hii. Bi Khairiya sasa ana miaka themanini na mitatu. Nilimwamkia, "Shikamoo Bibi," akaniitikia, "Marahaba mwanangu, kaa." Niliogopa kumuuliza. Nilianza kuzungukazunguka. Akanikata.

"Unataka kujua nlimwambia nini. Nlimwambia aseme Bakar kapanda mwenyewe. Wachumaji wangapi wanapanda wenyewe? Nlimwambia, hakuna atakayekuuliza zaidi. Una watoto, una nyumba, una kazi. Nlimwambia aseme uongo, na aliyemwambia ni mie, hija nshakwenda na kurudi, sidanganyi tena. Liweke hivyo hivyo redioni, usilikate."

"Naye alikujibu nini, Bibi?"

"Alimaliza kahawa yake, akainuka, akasema, kwaheri Bi Khairiya. Nikajua hapo hapo kuwa hatanisikiliza."

Afisa alikuja. Ridhwan hakutaka kusema kwa mdomo. Aliomba karatasi. Aliandika mistari mitatu. Mkewe anaijua kwa moyo, na alinisomea: "Mti ulikuwa umelowa. Bakar alinitahadharisha. Niliyesema wapande ni mimi."

Kwa mistari ile mitatu, Bakar alilipwa fidia yake. Hilo tuliseme na tulipite, maana fidia haikumsimamisha. Na kwa mistari ile mitatu, Ridhwan alifukuzwa kazi. Bi Salhiya anasema alirudi nyumbani mchana, akavua mabuti nje ya mlango, akamwambia, "Fungasha. Nimeandika." Yeye hakuuliza ameandika nini. Alianza na vyombo vya jikoni.

Walirudi Jambiani.

Mtu aliyesimamia mikarafuu mia sita sasa alikuwa anafunga mwani kwenye kamba, maji ya magotini, kando ya mama yake. Kule kazi ile hufanywa zaidi na wanawake. Walimwita "meneja wa kamba". Walimtania. Hakuwa akijibu, na hakuwa akicheka. Miezi ikapita. Siku moja mama yake akaacha kufunga, akamwangalia, akamwambia, "Ridhwan, bahari haikukufanya kitu. Usiinunie."

Alikaa Jambiani mwaka mmoja na miezi minne.

Huku nyuma, Mchungwani haikwenda vizuri. Waliletwa mameneja wawili, mmoja baada ya mwingine, na wote wawili waliondoka. Mikarafuu mizee ilianza kufa, ikikauka kuanzia nchani. Miche ya kuirithi haikuwapo. Na mwanzoni mwa mwaka 2007 Bi Khairiya akapanda gari, akaenda Jambiani, akaingia jikoni kwa Bi Amne na kukaa juu ya kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, kwa sababu kiti hakikuwapo. Ridhwan alikuta mwajiri wake wa zamani ameshika kifuu cha maji ya kunywa.

Bi Khairiya akamwambia, "Rudi."

Ridhwan akasema, "Nna masharti mawili."

"Sema."

"Mvua ikinyesha, hapandi mtu mpaka nipande mimi kwanza. Na Bakar apewe kazi shambani."

"Bakar? Kazi gani, Ridhwan?"

"Kazi iko. Wewe kubali."

Bi Khairiya akakubali. Lakini yuko mtu ambaye hakukubali.

Riyama, mke wa Bakar, alikuwa na miaka ishirini na mitano wakati ule. Kwa mwaka mmoja na zaidi alikuwa akimnyanyua mumewe, akimwosha, na kulea mtoto. Ridhwan alibisha hodi mlangoni kwake. Riyama akafungua, akamwona, akafunga. Ridhwan akarudi wiki ya pili. Riyama akafungua, akafunga. Safari ya tatu Ridhwan akaeleza kupitia mlango kwamba amekuja kwa habari ya kazi, kazi ya kitaluni, kukuza miche. Riyama akamjibu kutoka ndani. Maneno hayo majirani wanayakumbuka mpaka leo:

"Mume wangu si mche, Ridhwan Kheir. Huwezi ukamvunja halafu ukaja kumwatika."

Alikwenda mara saba. Mara ya saba aliyeufungua mlango hakuwa Riyama. Riyama alikuwa ametoka. Bakar alikuwa amekaa kwenye kigari chake cha magurudumu, amejisogeza mwenyewe mpaka mlangoni. Nimelisikia tukio hili kwa Bakar, na nitalieleza kama alivyonieleza.

Bakar akasema, "Unataka nini? Unataka nikusamehe?"

"La."

"Unataka nini basi?"

"Miche inakufa," Ridhwan akasema. "Nimeatika mia tatu. Imebaki themanini."

Bakar anasema alitaka kuufunga mlango. Anasema mkono ulikuwa tayari umeshika komeo. Lakini huyu ni mtu aliyekulia kwenye mikarafuu, na mdomo wake ukamtangulia.

"Inakufa vipi?"

"Majani yanageuka manjano. Yanaanzia chini."

"Unaimwagilia saa ngapi?"

"Adhuhuri, wafanyakazi wakitoka kula."

"Mnaichemsha," Bakar akasema. "Na kivuli?"

"Makuti."

"Mazito?"

"Mazito."

"Wee Ridhwan! Ulisomea nini huko Kizimbani?"

Wiki iliyofuata Bakar alipelekwa shambani. Alisema anakwenda kuangalia tu. Alikuta kitalu kimeinuliwa. Ridhwan alikuwa ametengeneza vitanda vya mbao, vimesimama juu ya nguzo fupi, kwa kimo cha mtu aliyekaa. Na kutoka njia ya gari mpaka kitaluni alikuwa ametandika mawe na saruji, kwa mikono yake, kigari kisizame kwenye udongo. Bakar hakumshukuru. Alisema saruji haikulala sawa, na ni kweli, mpaka leo haikulala sawa. Nimepita juu yake.

Bakar akaanza kazi. Wasikilizaji wapendwa, alifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na saba, na bado anaifanya.

Sikilizeni kitu kimoja ambacho kiliwashangaza wafanyakazi wote. Tangu siku ile, Bakar hakumwita tena "Meneja". Hakumwita "Bwana Ridhwan", hakumwita "kaka". Alimwita "Ridhwan", kavu, mtu aliyempita umri kwa miaka kumi na minne. Na Ridhwan, aliyekuwa mkali wa adabu kwa kila mtu, alikuwa akiitika, "Naam." Bakar akiita, "Ridhwan!" kutoka kitaluni, meneja anaacha analofanya. "Naam." Wageni walidhani Bakar ndiye mwenye shamba.

Waligombana sana. Waligombana kwa mbolea, kwa kivuli, kwa aina ya mbegu. Hawakuwahi kuzungumza habari za mwaka 2005. Nilimuuliza Bakar mara tatu, kwa njia tatu tofauti, na kila mara alinijibu lile lile. "Tulikuwa na miche."

Na sharti la kwanza? Ridhwan alilishika. Mvua ikinyesha, hapandi mtu mpaka yeye apande kwanza. Alichagua mti mmoja, akavua mabuti, akapanda hadi juu, akateremka, ndipo akatoa ruhusa au akakataa. Alikuwa akipanda mpaka alipotimiza miaka hamsini na minane. Bi Salhiya alikuwa hatoki nje mpaka asikie ameshateremka.

Lakini sharti hilo lilikuwa na gharama yake, nami sitaificha. Mwaka 2016 karafuu zilizaa kama zilivyozaa ule mwaka 2005. Na mvua ikarudi, safari hii siku tisa. Kila asubuhi Ridhwan alipanda, akateremka, akatikisa kichwa. Karafuu zikaanza kuchanua. Siku ya saba jua likawaka kidogo. Wachumaji wakasema mti umekauka. Na aliyesema kwa sauti kuliko wote alikuwa nani? Bakar.

"Nlimwambia, Ridhwan, mti umekauka. Waachie wapande. Hawa wana watoto, wanangoja mwaka mzima mchumo huu. Akasema hapana. Nkamwambia, mie ndiye niliyeanguka, mie nnakwambia waache wapande! Akasema, hapana, Bakar. Akaondoka zake."

Zaidi ya nusu ya karafuu za mwaka ule ziliharibika. Wachumaji kumi na mmoja walihama, wakaenda mashamba mengine, na baadhi yao hawakurudi. Mmoja wao nilimpata sokoni Darajani. Hakutaka nimtaje. Aliniambia mwaka ule watoto wake walivaa nguo kuukuu sikukuu, na kwamba hakumchukia Ridhwan, lakini hakumsahau.

Nikamuuliza Bakar, "Mpaka leo unaona alikosea?"

"Alikosea," Bakar akasema. "Mti ulikuwa mkavu."

Mie sina la kuongeza hapo. Sijui kupanda mkarafuu. Ninachoweza kuwaambia ni hiki tu. Katika miaka yote aliyorudi, kuanzia 2007 mpaka anaumwa, hakuanguka mtu Mchungwani.

Maradhi yalianza miaka mitatu iliyopita. Kisukari, kisha figo. Mwaka jana alihamia Chukwani, kwa bintiye mkubwa, awe karibu na matibabu. Aliendelea kusimamia shamba kwa simu. Bintiye anasema kila asubuhi alikuwa akiuliza hali ya hewa ya Mchungwani kabla hajauliza chai yake.

Bakar alikwenda kumtazama mara nne. Alipelekwa kwa gari ya shamba. Mara ya mwisho Ridhwan alikuwa hawezi kukaa. Walizungumza, bintiye alikuwapo. Walizungumza juu ya mchwa. Mchwa walikuwa wameingia upande wa kaskazini wa shamba. Bakar akasema atachimba kichuguu. Ridhwan akasema asichimbe, atumie majivu kwanza. Bakar akasema majivu ni mambo ya kizamani. Basi ndivyo walivyoagana.

Alifariki siku ya Jumanne, kabla ya adhuhuri. Akazikwa siku ile ile, Jambiani, karibu na mama yake.

Mchanga wa makaburini Jambiani ni laini. Kigari hakipiti. Wachumaji wanne walimbeba Bakar na kiti chake mpaka ukingoni mwa kaburi. Wanaume waliokuwapo walinieleza yaliyofuata, na wote walieleza namna moja. Kaka mkubwa wa marehemu alisimama, akasema kama desturi ilivyo: kama kuna anayemdai marehemu, sisi tupo tutalipa, na kama kuna aliyekosewa naye, tunamwomba kwa ajili ya Mungu amsamehe. Kwa kawaida watu huitikia pamoja, "Tumemsamehe." Siku ile hakuitikia mtu. Kijiji kizima kilikuwa kinaijua habari. Wote walitazama chini, wakimngoja mtu mmoja.

Bakar akainua kichwa. Kisha akasema, "Sina ninalomdai Ridhwan. Mteremsheni, msimweke juani."

Wakamteremsha.

Nilimuuliza Bakar lini alimsamehe. Akasema, "Watu wananiuliza. Sijui. Hapana siku nliyokaa nkasema leo nnamsamehe. Nlipotafuta kile kinyongo pale kaburini, nlikuwa sijui nimekiweka wapi."

Na Riyama?

Nilimkuta Riyama huko huko ndani, nyumbani kwa Bi Salhiya. Sikujua kuwa ni yeye. Nilidhani ni jamaa wa familia. Alikuwa akichuja tui. Tangu siku ya msiba hajarudi kwake. Analala hapo, anapika, anapokea wageni, anamtilia Bi Salhiya maji ya kuoga. Nilipojua jina lake nikamwomba anipe neno moja juu ya marehemu. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Sitasema uongo redioni. Mie sikumsamehe. Sikwenda Chukwani kumtazama, na hakuna siku nliyomkaribisha ndani. Mume wangu kafanya yake, na mie nna yangu. Mie ndiye niliyekuwa nikimnyanyua."

"Lakini uko hapa, Bi Riyama."

"Niko kwa Salhiya. Salhiya alikuwa akija hospitali kila siku, miezi minne, na chakula, mume wake ashafukuzwa, wao wenyewe hawana. Hata walipohamia Jambiani alikuwa akipanda gari alfajiri akija. Hakuwahi kuniomba nimsamehe mtu. Alikuwa akileta chakula, anakaa, anaondoka. Naye nimwache leo?"

Akarudi kwenye tui lake.

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Ridhwan Kheir Simai. Alizaliwa Jambiani, amezikwa Jambiani. Alikuwa meneja wa Mchungwani. Alitoa amri moja mbaya, na alipoulizwa, alisema ni yake. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano. Shamba, nilipoondoka juzi, lilikuwa bado halijapata meneja. Bi Khairiya anasema hana haraka.

Kwa niaba ya wenzangu wote hapa studio, tunampa pole Bi Salhiya, tunawapa pole watoto, tunaupa pole ukoo wote wa Jambiani, na wafanyakazi wa Mchungwani. Bwana Bakar, pole na wewe. Bi Riyama, nimeyaweka maneno yako kama ulivyoyasema. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, na awape subira waliobaki.

Nanyi mnaonisikiliza, sitawahutubia. Nitawauliza swali moja tu, na kila mtu ajijibu kimoyomoyo. Yule uliyemkosea, na yu hai, anakaa wapi? Usiseme hujui. Mimi wa kwangu anakaa Kikwajuni, nyumba ya tatu kutoka msikitini, na ni mwaka wa sita sijapita njia ile. Nikitoka hapa studio, nakwenda.